Gari Ambalo Halikufika

Agosti 1938, Robert Ley, kiongozi wa jumuiya ya kazi ya Wanazi iliyoitwa Deutsche Arbeitsfront, aliwatangazia Wajerumani kwamba wakati umefika mtu wa kawaida naye awe na gari lake. Bei ilikuwa marki 990. Asiyeweza kuzitoa kwa mkupuo alifunguliwa mlango mwingine: adundulize marki 5 kila wiki, anunue stempu, aibandike kwenye kadi, na kadi zikijaa asubiri zamu yake. Piga hesabu utaona ni wiki 198, karibu miaka minne bila kukosa hata wiki moja, na hapo bima na gharama ya kulifikisha gari bado. Akiba yenyewe haikuzaa riba hata senti. Watu wapatao 336,000 waliingia. Walibandika stempu, wakasubiri, vita vikaja. Hakuna hata mmoja wao aliyekabidhiwa gari.

Vijana wanaofuatilia siasa za Ulaya huniuliza kama harakati kali za mrengo wa kulia ni adui wa ubepari au ni adui wa ukomunisti, maana wanazisikia zikilaani vyote viwili kwa pumzi moja. Zamani nilikuwa najibu kwa nadharia, nikawaona macho yakizunguka. Siku hizi nawasimulia habari za kadi hii, na naianza miaka 18 kabla ya stempu ya kwanza kubandikwa.

Twende Munich, kwenye ukumbi wa bia wa Hofbräuhaus, jioni ya 24 Februari 1920. Adolf Hitler, aliyekuwa bado hajulikani sana nje ya mji ule, alisoma mbele ya umati hoja 25 za chama chake. Ukipewa baadhi ya hoja hizo bila kuambiwa ni za nani, utaapa zimeandikwa na wasoshalisti. Hoja ya 11 inataka kipato kisichotokana na kazi kifutwe na utumwa wa riba uvunjwe. Ya 12 inataka faida zote za vita zitaifishwe. Ya 13 inataka makampuni makubwa yaliyoungana yawe mali ya taifa, ya 14 wafanyakazi wa viwanda vikubwa wagawiwe faida, ya 16 maduka makubwa yatwaliwe na kukodishwa kwa bei nafuu kwa wenye biashara ndogo, na ya 17 ardhi ichukuliwe bila fidia kwa manufaa ya umma.

Lakini kabla hujafika huko, hoja ya 4 imekwisha kusema kwamba Myahudi hawezi kuwa raia. Na ya 3 inadai ardhi na makoloni ya kuwalisha Wajerumani. Msomaji wa Tanga au Moshi aitazame hoja hiyo mara mbili. Tanganyika ilikuwa ndiyo kwanza imetoka mikononi mwa Ujerumani. Babu zetu walikuwemo ndani ya karatasi ile, katika fungu la chakula.

Kwa nini watu walisikiliza? Kwa sababu walikuwa wanaumia kweli. Nchi ilishindwa vita, wajane na vilema walijaa mitaani, na ifikapo Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa marki trilioni 4.2. Mtu aliyeweka akiba maisha yake yote aliamka akiwa hana hata bei ya mkate. Hasira yao ilikuwa ya haki, na kila mara nasisitiza jambo hili, maana wengi hufundisha habari za Unazi kana kwamba taifa zima lilishikwa na wazimu usiku mmoja. Harakati za namna hii hazibuni maumivu. Huyakuta. Kazi yao ni kuyaonyesha pa kwenda.

Aliyewafundisha pa kuyapeleka, kwa upande wa uchumi, alikuwa mhandisi Gottfried Feder. Yeye na wenzake waliugawa mtaji mafungu mawili: mtaji unaozalisha na mtaji unaonyang'anya. Mwenye kiwanda cha chuma, mwenye mgodi, mwenye shamba kubwa, hao waliwekwa katika fungu la kwanza, maana wanatoa kitu kinachoshikika. Mwenye benki, mfanyabiashara wa hisa, mkopeshaji, hao ni wanyang'anyi. Na unyang'anyi huo ukatajwa kuwa ni tabia ya Wayahudi. Ulikuwa uongo. Benki na viwanda vya Ujerumani vilikuwa vimefungamana kama nyuzi za mkeka, na riba iliyomkamua fundi haikuuliza mwenye fedha anasali wapi. Lakini tazama uongo ule ulivyofanya kazi. Ubepari haukuwa tena uhusiano kati ya anayemiliki na anayefanya kazi. Uligeuzwa kuwa ukoo wa watu, wenye majina na nyuso na nyumba za ibada zinazoweza kuchomwa moto.

Ukomunisti nao ulifanyiwa vivyo hivyo. Karl Marx alizaliwa katika ukoo wa Kiyahudi, na kwao hiyo ilitosha. Wakasema mabenki ya London na Wabolsheviki wa Moscow ni mikono miwili ya mtu mmoja. Ndiyo maana waliweza kujiita njia ya tatu, wakalaani matajiri asubuhi na kulaani wakomunisti jioni bila kuona haya: katika fikra zao walikuwa wanamlaani mtu yule yule. Atakayelielewa hilo ameelewa nusu ya siasa zao za uchumi. Nusu iliyobaki haimo katika maneno. Imo katika mambo yaliyotendeka kila hoja ilipotakiwa kutekelezwa.

Hoja ya ardhi ndiyo iliyotangulia kuanguka. Mwaka 1926 chama kilitamka kwamba hoja zote 25 hazibadiliki milele. Aprili 1928, kilipoanza kutafuta kura za wakulima, Hitler mwenyewe alitoa maelezo kwamba chama kinaheshimu mali binafsi, na kwamba maneno ya kutwaa ardhi bila fidia yanawalenga hasa Wayahudi wanaolangua ardhi. Mwenye shamba la maelfu ya ekari akalala usingizi. Maandishi yalibaki yale yale, yakabadilishwa mtu wa kuangukiwa.

Walikuwemo ndani ya chama watu walioamini kwa moyo neno "usoshalisti" lililokuwa katika jina lake. Ndugu wawili, Gregor na Otto Strasser, walijenga chama kaskazini, katika miji ya viwanda, kwa kuwaambia vibarua kwamba matajiri watanyang'anywa. Mei 1930 Otto alikabiliana na Hitler uso kwa uso mjini Berlin. Kwa masimulizi ya Otto mwenyewe, alimuuliza kiwanda kama kile kikubwa cha chuma cha Krupp kingefanywaje chama kikishika dola. Hitler akajibu kwamba kingeachwa kama kilivyo. Mwezi Julai Otto alitoka chamani na wenzake wachache wakitangaza kwamba wasoshalisti wanakihama chama. Gregor alibaki.

Miezi mitatu baadaye yakatokea bungeni mambo ambayo, laiti ningekuwa na uwezo, ningeyaweka katika kila kitabu cha uraia. Wanazi walikuwa wametoka viti 12 hadi 107 katika uchaguzi wa Septemba 1930. Oktoba, wabunge wao, akina Gregor Strasser, Feder na Wilhelm Frick, wakaleta muswada kama walivyowaahidi wapiga kura: riba isizidi asilimia 4, mali za vigogo wa benki na soko la hisa zitaifishwe, benki kubwa ziwe za taifa. Hitler alishtuka, kwa kuwa wakati ule alikuwa anabisha hodi kwa watu wenye fedha. Aliwaamuru wauondoe, wakauondoa. Wakomunisti wakauokota ule ule, neno kwa neno kama Wanazi walivyouandika, wakauwasilisha wao. Na wabunge wa Nazi, kwa amri ya kiongozi wao, wakapiga kura kuukataa muswada wao wenyewe.

Umma ulikuwa unaona. Si kwamba jambo hili lilifichwa. Lakini mtu asiye na kazi hasomi kumbukumbu za bunge, na mfa maji haachi kutapatapa. Mwanzoni mwa 1932 wasio na kazi walikuwa milioni 6. Januari mwaka huo Hitler alihutubia klabu ya wenye viwanda mjini Düsseldorf. Hakuwaambia habari za utumwa wa riba. Aliwaambia kwamba mali binafsi ina haki kwa sababu watu hawalingani uwezo, na kwamba demokrasia katika siasa inafanana na ukomunisti katika uchumi, hivyo anayetaka kuilinda mali yake asiitegemee demokrasia. Novemba mwaka ule ule, wafanyakazi wa usafiri wa Berlin walipogoma, chama chake kilisimama nao barabarani, bega kwa bega na wakomunisti, maana uchaguzi ulikuwa siku chache mbele. Kauli mbili, wasikilizaji wawili.

Wakomunisti nao hawakuwa wasafi katika habari hii. Kwa miaka kadhaa, wakifuata maagizo ya Moscow, waliwaita wasoshalisti wa kidemokrasia mafashisti na kuwahesabu kuwa adui mkuu. Watu wa mtaa mmoja, wa kiwanda kimoja, wakawa hawasalimiani. Nyumba iliyogawanyika namna ile haikuhitaji mwizi hodari.

Hitler aliapishwa kuwa Kansela 30 Januari 1933. Tarehe 20 Februari vigogo wapatao 25 wa viwanda na benki, Gustav Krupp akiwemo, waliitwa kwenye makazi rasmi ya Hermann Göring, mtu wa karibu wa Hitler. Hitler aliwaeleza kwamba biashara binafsi haiwezi kudumu chini ya demokrasia. Göring aliwaambia uchaguzi wa Machi huenda ukawa wa mwisho kwa miaka 10, pengine 100. Kisha Hjalmar Schacht, mtu wa benki aliyemuunga mkono Hitler, akataja mchango uliohitajika: marki milioni 3. Wiki moja baadaye jengo la bunge liliungua, na wakomunisti wakaanza kukamatwa kwa maelfu. Kiongozi wao, Ernst Thälmann, alikamatwa mapema Machi. Hakuonja tena uhuru hadi alipopigwa risasi mwaka 1944. Kambi ya Dachau ilifunguliwa kabla Machi haijaisha.

Sasa Mei Mosi. Hapa naomba tusiharakishe.

Kwa miongo mingi wafanyakazi wa Ujerumani walikuwa wakiidai siku hiyo iwe sikukuu yao. Serikali za kidemokrasia zilishindwa kuwapa kwa kudumu. Hitler akawapa, tena kwa malipo kamili, na kuiita Siku ya Kazi ya Taifa. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walifikiri wakijishusha watanusurika. Waliwataka wanachama wao wahudhurie sherehe. Umati mkubwa ukakusanyika uwanja wa Tempelhof mjini Berlin, mwenye kiwanda akiandamana na kibarua wake, bendera, taa, nyimbo, na Hitler akasifu heshima ya kazi ya mikono. Wapo waliolia kwa furaha, nami siwacheki. Mtu aliyedharauliwa maisha yake yote akisikia mkuu wa nchi anaisifu mikono yake, moyo unalainika.

Kesho yake asubuhi, 2 Mei, askari wa chama walivamia ofisi za vyama vya wafanyakazi nchi nzima. Viongozi walipigwa na kuwekwa ndani, hata wale walioelekeza watu waende Tempelhof. Mjini Duisburg wanne waliuawa katika chumba cha chini cha jengo la chama chao. Majengo, benki, magazeti, fedha za mifuko ya wagonjwa na wajane, michango ya senti senti ya miaka 60, vyote vikachukuliwa. Siku chache baadaye mali hiyo ilikabidhiwa jumuiya mpya ya Robert Ley, yule yule wa kadi.

Mwajiri hakunyang'anywa kitu siku ile. Sheria ya Januari 1934 ilimpa cheo cha kiongozi wa kiwanda, na wafanyakazi wakaitwa wafuasi wake, waliodaiwa utii. Mgomo ukawa jinai, na mishahara ikapangwa na maafisa wa serikali. Kazi zilipatikana, hilo ni kweli, na nyingi zilitokana na kutengeneza silaha. Lakini fundi aliyeona ujira hautoshi hakuwa na pa kwenda kusema.

Katika mji ule ule wa Berlin aliishi mtu wa kwetu, Mahjub bin Adam, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye Wajerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Akiwa mtoto alitumika katika jeshi la Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza, kama baba yake. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara ambayo hawakulipwa. Hawakumpa. Alifanya kazi ya uhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland na kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Chini ya utawala uliojiita wa wafanyakazi alipoteza kazi yake ya uhudumu kwa sababu ya rangi yake, na mwaka 1941 utawala huo ulimkamata kwa uhusiano na mwanamke mzungu. Alifia kambi ya Sachsenhausen 24 Novemba 1944. Alikuwa kibarua mwenye dai la ujira, na katika hesabu zao hakuwahi kuwa mfanyakazi.

Na hoja nyingine zilifikia wapi? Wenye maduka madogo walioipigia kura hoja ya 16 walisubiri maduka makubwa yafungwe. Mwaka 1933 serikali iliiokoa kwa mkopo kampuni ya maduka makubwa ya Hermann Tietz. Wamiliki wake Wayahudi walisukumwa nje, jina likabadilishwa kuwa Hertie, na duka likaendelea kufunguliwa kila asubuhi, kubwa vile vile. Benki kubwa, ambazo serikali iliyotangulia ilikuwa imenunua hisa zake kuziokoa kwenye msukosuko wa 1931, zilirudishwa kwa watu binafsi kati ya 1936 na 1937. Chama kilichoahidi kutaifisha kiliuza hata kile kilichokuta kimetaifishwa. Gregor Strasser, aliyebaki akiamini, aliuawa kwa risasi katika seli ya Gestapo, polisi wa siri, mjini Berlin 30 Juni 1934, siku ambayo Hitler aliwasafisha aliowaona kuwa tishio ndani na nje ya chama.

Nisieleweke kwamba matajiri ndio waliokuwa wameshika usukani. Hugo Junkers, mtengenezaji wa ndege, alilazimishwa kuachia kampuni yake. Fritz Thyssen, tajiri wa chuma aliyekichangia chama mapema kuliko wengi, alipopinga vita mwaka 1939 alikimbilia Uswisi, mali zake zikatwaliwa, na baadaye akafungwa makambini. Mali binafsi iliheshimiwa maadamu mwenye mali alitii. Aliyedhani amemnunua mbwa wa kumlindia geti alikuta ndiye anayeomba ruhusa ya kutoka.

Ndipo tunarudi kwenye gari. Wenye viwanda vya magari waliona kwamba kulitengeneza kwa marki 990 ni hasara, na hawakuitaka hasara hiyo. Ley akaibeba kazi kwa jumuiya yake. Hitler aliweka jiwe la msingi la kiwanda karibu na Fallersleben tarehe 26 Mei 1938, na sehemu ya fedha za ujenzi ilipatikana kwa kuuza mali zilizoporwa kutoka kwa vyama vya wafanyakazi ile asubuhi ya Mei 1933. Michango ya vibarua ndiyo iliyoinua kuta zile. Kisha wananchi wakaombwa walipe tena, kwa stempu. Wengi wa waliojiunga hata hawakuwa vibarua wa viwandani, bali watumishi na watu wa tabaka la kati. Kibarua mwenyewe hakuweza kuzipata marki 5 za ziada kila wiki.

Vita vilipoanza kiwanda kikatengeneza magari ya jeshi. Watu wapatao 20,000 walifanyishwa kazi mle kwa nguvu, Wapolandi, watu wa Umoja wa Kisovyeti, wafungwa wa kivita, Wayahudi waliotolewa makambini. Wanawake waliojifungua walinyang'anywa watoto wao na kurudishwa kwenye mashine, na watoto wakapelekwa kwenye makao ya kiwanda, baadaye katika kijiji cha Rühen. Zaidi ya 300 walikufa huko kwa uchafu na kukosa matunzo. Hiki ndicho kiwanda cha chama kilichoahidi kuvunja utumwa.

Fedha za stempu zilikuwa zimewekwa katika benki ya jumuiya ya Ley mjini Berlin. Jeshi la Kisovyeti lilipouteka mji mwaka 1945, zilipotea mikononi mwake. Wenye kadi wakaunda chama cha kudai, wakaishtaki kampuni ya Volkswagen iliyorithi kiwanda, na kesi ikapanda na kushuka mahakamani kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 1961 walifikia mapatano. Aliyekuwa bado ameitunza kadi yake alipewa kuchagua: apunguziwe hadi marki 600 akinunua gari jipya, au, kama hana uwezo wa kununua gari, achukue taslimu marki 100 aende nyumbani.